Kazi yako ya kwanza ya kukagua nyumba: fuata maji

Mtu wa kwanza kukupa kazi ya kukagua nyumba huenda msionane kabisa. Yuko Muscat, au Houston, au yuko Mwanza kikazi. Amedunduliza miaka. Dalali amemrushia picha kumi na mbili za WhatsApp, zote zimepigwa mchana wa jua kali, na sasa anatafuta mtu wa kwenda Goba au Kigamboni kumwangalizia kabla hajatuma hata shilingi. Wewe umetoka VETA, chuo cha ufundi, au una stashahada ya ujenzi na miaka miwili mitatu ya saiti. Kujenga unajua. Kukagua ni kazi nyingine. Unapojenga unaiona nondo kabla ya zege na tofali kabla ya lipu. Unapokagua unakuta vyote vimeshafunikwa na kupakwa rangi, na aliyevifunika ndiye anayeuza.

Nakuandikia haya, mdogo wangu, kwa sababu nilipoanza Dar es Salaam sikupata wa kunielekeza. Kama ningeambiwa jambo moja tu, ningependa liwe hili: fuata maji. Adui mkubwa wa nyumba za pwani yetu ni maji. Ya mvua yanashuka, ya ardhini yanapanda, ya bomba yanavuja chinichini, ya chooni yanakosa pa kwenda. Ukiyafuata kuanzia barabarani, ukapanda nayo juu ya paa, ukashuka nayo mpaka shimo la choo uani, ubovu mwingi wa nyumba ile utakuwa umeuona.

Kabla hujatoka nyumbani

Andikiana na mteja. Ujumbe wa simu unatosha, mradi useme wazi utakagua nini na hutakagua nini. Uhalali wa hati ni kazi ya wakili na ofisi ya ardhi. Bei ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa. Kusema kama nguzo zinabeba mzigo wake ni kazi ya mhandisi. Wewe unaangalia hali ya jengo kwa macho, mikono na vifaa vidogo, bila kubomoa kitu. Usipoyasema haya mapema, mteja atakuuliza kila kitu, na kijana anayeanza huona aibu kujibu "hilo si langu".

Malipo yatoke kwa mnunuzi peke yake. Nusu kabla ya kwenda, nusu akipata ripoti. Dalali akikupa hata nauli, mshukuru na uirudishe, kwa maana yeye analipwa nyumba ikiuzika.

Halafu omba mambo mawili: maji yawe yanatoka, na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe na yuniti. Hili la pili usilidharau. Nyumba inayouzwa mara nyingi imeachwa tupu, yuniti zimekwisha, na ukifika gizani huwezi kujaribu soketi hata moja. Mtumie dalali ujumbe siku moja kabla, na ukienda nunua yuniti chache kwa hela ya mteja kama itabidi.

Mkobani weka tochi yenye mwanga mkali na betri za akiba, tepu, pima maji, bisibisi butu, tesita ya umeme, penseli, sarafu, kitambaa cha kujifutia na daftari. Ngazi uliza kama ipo; kama haipo, beba au kodi. Panga kufika saa tatu asubuhi na usipange kazi nyingine kabla ya saa nane. Nyumba ya vyumba vitatu ukiimaliza kwa saa moja, ujue hukuikagua.

Hatua ya 1: Usiingie ndani kwanza

Shuka kwenye bajaji mita mia moja kabla ya nyumba, utembee. Angalia ardhi inainamia wapi. Mvua ya mtaa mzima ikinyesha, maji yatapita njia gani? Kuna mtaro, na mtaro umezibwa na taka? Tazama kuta za uzio za majirani usawa wa goti: mafuriko huacha mstari wa kahawia ulionyooka, na mwenye nyumba anayeuza anaweza kuufuta kwake lakini hawezi kuufuta kwa jirani. Ukiona nyumba tatu mfululizo zimejengewa kizingiti cha tofali mlangoni, hapo maji huingia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Kama kuna mto au korongo karibu, toa tepu upime. Pia tafuta alama ya X nyekundu, ile ya nyumba iliyopangiwa kubomolewa. Wakazi wa Dar wanaijua vizuri: nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilivunjwa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara, na kabla yake bomoabomoa ilipita bonde la Msimbazi. X inaweza kupakwa rangi juu. Ukisimama pembeni jua likipiga ukuta kwa ubavu, mistari yake huonekana. Kama ukuta wa mbele umepakwa rangi mpya na kuta nyingine tatu zina ileile ya zamani, piga picha na uandike.

Kisha salimia watu. Mama anayeuza maandazi pale kona anajua kuliko dalali. "Shikamoo mama. Masika huku mnapitaje?" Usimuulize kuhusu nyumba ya fulani, muulize kuhusu mvua. Atakuambia yote mawili.

Hatua ya 2: Ukuta wa nje, na mkono wako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Nyumba yangu ya kwanza kukagua ilikuwa Mbezi Beach, mwezi wa Agosti. Rangi ya krimu, mpya, safi, harufu yake bado ipo. Nilizunguka mara mbili, nikaandika "kuta ziko katika hali nzuri". Dada aliyenituma akainunua. Aprili iliyofuata akanitumia video fupi: mama yake anafagia unga mweupe chini ya ukuta wa sebule, na rangi imetoka malengelenge kuzunguka chumba kizima, kimo cha kiuno. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, kwani hukuugusa?" Sikuwa nimeugusa. Nilikuwa nimeutazama.

Kinachotokea ni hiki. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali la saruji kama mafuta yanavyopanda utambi. Yakipanda yanabeba chumvi, na yakifika usoni mwa ukuta yanakauka yenyewe na kuiacha chumvi pale. Chumvi hiyo ndiyo unga mweupe, na ndiyo inayosukuma rangi na kuila lipu. Hutokea pale fundi alipojenga bila kuweka tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, au alipochanganya lipu kwa maji ya kisima ya chumvi au mchanga wa baharini, au mwenye nyumba alipojaza udongo wa bustani ukapanda juu ya usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu. Kiangazi ukuta hunyamaza. Masika husema. Muuzaji mwenye akili hupaka rangi Julai.

Kwa hiyo gusa. Weka kiganja kizima ukutani, chini karibu na sakafu, kisha kimo cha kifua, ulinganishe baridi. Gonga kwa sarafu ukipandisha taratibu: lipu iliyoshika hutoa sauti kavu, iliyoachia tofali hulia kama debe tupu. Kwaruza kidogo kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Lipu nzuri haipukutiki kama mchanga. Na muhimu kuliko yote, tafuta pale brashi ya fundi rangi haikufika: nyuma ya mlango unaobaki wazi siku zote, ndani ya kabati la ukutani, chini ya ngazi, nyuma ya simtanki, stoo. Nyumba hutubu stoo. Ukikuta vyumba vyote safi na stoo ina malengelenge mpaka kimo cha kiuno, basi vyumba vyote vina malengelenge, ila yamefunikwa.

Jihadhari pia na mawe ya urembo yaliyobandikwa mita moja ya chini ya ukuta. Mara nyingine ni urembo kweli. Mara nyingine ni bandeji.

Hatua ya 3: Paa, na giza la darini

Usitembee juu ya bati. Utaliboneza, utalegeza misumari, na unaweza kuanguka. Panda ngazi usawa wa fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, utazame kutokea hapo: misumari iliyoshika kutu, kofia ya paa iliyoinuka, bati lililopishana vibaya, gata lililojaa majani. Kama paa ni la vigae vya zamani vya asbesto, usikwaruze wala usitoboe, andika tu na upige picha.

Nyumba za siku hizi za kuficha bati, zile zenye ukuta unaopanda juu ya paa ili bati lisionekane, zinataka macho zaidi. Zinapendeza, lakini maji yote ya paa yamefungiwa ndani ya ukuta, yanategemea gata moja la ndani na tundu mbili tatu za kutokea. Tundu likiziba na majani ya mwarobaini, maji hayamwagiki nje kama kwenye paa la kawaida. Yanajaa, kisha yanaingia darini. Uliza gata linasafishwaje na linafikiwaje. Kama ngazi inafika, mwaga ndoo mbili za maji ndani ya gata na umwombe mtu asimame chini aone yanatokea wapi na kwa muda gani.

Sasa darini. Ingia kwa tundu la ukaguzi, na ukanyage mbao za kenchi tu, zile zinazobeba paa. Jipsamu haibebi mtu. Ukishatulia, zima tochi. Kaa gizani dakika moja nzima, macho yazoee. Kila penye tundu utaona nukta ya mwanga kama nyota, na chini ya nyota hiyo, ukiwasha tochi, mara nyingi utakuta mbao ina doa jeusi. Piga picha zote mbili. Tazama maandishi ya kiwandani kwenye bati, ukibahatika yapo: watu huambiwa geji 28 wakapewa 30, na 30 ndilo jembamba.

Halafu mbao. Choma kwa bisibisi pale kenchi inapokalia ukuta. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa huingia kama mkate. Njia ndogo za tope zinazopanda ukutani ni za mchwa. Unga laini kama sembe chini ya mbao ni wa wadudu watoboao. Kama hakuna tundu la kuingilia, usijisumbue kukisia: andika "sikuingia darini kwa sababu hakuna njia", na umshauri mteja aombe litobolewe kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Ndani, nyufa na madoa

Kabla ya nyufa, inua kichwa. Doa la kahawia lenye pete kwenye dari ni maji yaliyokuja yakaondoka, na pete nyingi maana yake yalirudi mara nyingi. Dari iliyopakwa rangi kipande kimoja tu chumbani, uliza kwa nini kipande hicho.

Nyufa zitakutisha siku ya kwanza, kwa sababu kila nyumba inazo. Zile nyembamba kama uzi wa buibui, zilizotawanyika ovyo kwenye lipu, ni za lipu kukauka haraka. Ziandike mstari mmoja, uendelee. Zinazostahili muda wako ni zile zinazoanzia pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, zinazoshuka kama ngazi zikifuata viungo vya tofali, na zile ambazo ukizunguka upande wa pili wa ukuta unazikuta palepale. Pima upana wake sehemu iliyo pana zaidi. Ukifika milimita 5, au upande mmoja wa ufa umetokeza kuliko mwingine, pendekeza mhandisi. Angalia pia umri wa ufa: wenye vumbi, utando wa buibui au rangi ndani ni wa zamani, wenye kingo safi na kali ni wa juzi. Mara nyingi ukiufuata ufa wa msingi mpaka nje utakuta bomba la gata linamwaga maji palepale kwenye kona, au karo linavuja, au udongo ni mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Zege nalo lisome. Boriti ya varanda au slebu ya balkoni yenye mstari wa kutu, au kipande kilichodondoka nondo ikaonekana, maana yake maji na hewa ya chumvi vimeshaifikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Likiwa kwenye nguzo, andika kwamba mhandisi aitwe kabla ya malipo, usilainishe maneno. Mteja wa nyumba ya chini mara nyingi atakuuliza, "Naweza kupandisha ghorofa juu yake?" Jibu lako ni kwamba macho hayawezi kulijibu hilo. Jiji hili lilizika watu baada ya ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi kuanguka tarehe 29 Machi 2013, na likazika tena baada ya jengo la Kariakoo kuporomoka tarehe 16 Novemba 2024. Swali la mzigo ni la mhandisi.

Milango fungua na funga yote. Mlango uliokwaruza sakafu upande mmoja na fremu ikawa na ufa juu yake vinasema jambo moja. Ukiambiwa ni mninga, tazama ukingo wa juu wa mlango, pasipopakwa rangi. Paini iliyotiwa rangi huko juu hubaki nyeupe.

Hatua ya 5: Bomba, choo na shimo

Funga mabomba yote ndani ya nyumba, kisha nenda kwenye mita ya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Kama sindano bado inazunguka, kuna maji yanapotea ardhini, na huenda ndiyo yaliyolainisha ule msingi. Fungua bomba mbili pamoja uone nguvu ya maji. Jaza sinki, uiachie kwa mkupuo, huku umeinama na tochi chini yake. Mwaga ndoo bafuni: maji yaelekee tunduni yenyewe, yasikae kona.

Vuta maji ya vyoo vyote kwa pamoja, mtu mmoja akiwa ameinama penye chemba ya nje. Yakija kwa kasi, vizuri. Yakijaa na kushuka polepole, shimo limejaa au bomba limeziba. Kifuniko cha shimo lenyewe usikifungue, na usiinamie shimo lililo wazi. Hewa yake huua, na tumeshazika mafundi kwa ajili hiyo. Inatosha kuangalia nyasi juu yake na harufu, na kuuliza lilinyonywa lini mara ya mwisho na kama gari la kunyonya linafika.

Kama kuna kisima, pima umbali wake na shimo. Mita 30 ndicho kipimo kinachotumika sana. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakiwezi kuupata umbali huo hata ukipima pembe kwa pembe, kwa hiyo andika kwamba maji yapelekwe maabara. Shimo la jirani nalo lihesabu.

Simtanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Tazama limekalia nini.

Hatua ya 6: Umeme

Hapa nenda taratibu. Kama huna leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, usifungue boksi la breka. Tazama kwa nje. Angalia kama kuna swichi ya kukinga dhidi ya umeme unaovuja, bonyeza kitufe chake cha majaribio, ikate. Nje tafuta waya wa kijani na njano unaoshuka kwenye nondo ya ethi, ile iliyochimbiwa ardhini. Mara nyingi utakuta umekatika au umeuzwa chakavu. Jaribu kila soketi. Hita ya kuogea ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampia 24, kwa hiyo uliza kama ina waya na breka yake peke yake. Namba ya mita mtumie mteja ili aulize kama inadaiwa. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo unaponunua umeme.

Kuhusu mwenye nyumba

Utamkuta, au utamkuta mtu wake. "Shikamoo mzee." Kaa, kunywa maji ukipewa, eleza umekuja kuangalia nini. Ile nyumba aliijenga kwa miaka kumi kwa mshahara wa ualimu, tofali moja moja, na leo kijana anaigonga kwa sarafu. Usiseme ubovu mbele yake wala kutikisa kichwa. Akikuuliza "Vipi kijana, nyumba si nzima hii?" mwambie, "Mzee, naandika ninachokiona, nitamkabidhi aliyenituma." Muulize maswali mawili kwa heshima: ilijengwa mwaka gani, na nini kimeshawahi kurekebishwa. Wengi watakujibu ukweli wakiulizwa hivyo.

Ripoti

Andika usiku uleule, kumbukumbu ikiwa mbichi. Kila tatizo liwe na picha tatu: chumba kizima, ukuta wenyewe, kisha karibu kabisa, na sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane.

Andika ulichokiona kabla ya unachokidhani. "Ukuta una unyevu kwa sababu msingi ni mbovu" si sentensi ya mkaguzi. Andika: "Ukuta wa mashariki wa stoo una malengelenge ya rangi na unga mweupe kutoka sakafuni mpaka sentimita 80. Upande wa nje udongo wa bustani umepanda juu ya usawa wa sakafu. Nashauri udongo uondolewe, na fundi mwashi akague kabla ya kupaka tena." Mama aliye Muscat ambaye hajawahi kushika mwiko ataielewa, na fundi atajua aanzie wapi.

Panga kwa mafungu matatu: ya hatari sasa hivi, ya kurekebisha ndani ya mwaka, ya kuangalia kila msimu. Halafu fungu la nne ambalo wengi hulikwepa: usivyoviona. Chumba kilichofungwa, dari isiyo na tundu, ukuta ulioegemezwa makabati, maji yaliyokuwa yamekatika. Utaona kama unajidhalilisha. Liandike.

Mteja atapiga simu: "Sasa kaka, ninunue nisinunue?" Mpitishe kwenye fungu la kwanza, jambo kwa jambo, mwambie nani wa kumwita kwa kila moja. Fedha ni zake na uamuzi ni wake.

Nakala ya ripoti na picha zote zihifadhi. Masika ikiingia, mpigie mteja aliyenunua, omba ruhusa ya kupita dakika ishirini mvua ikinyesha. Nenda na ripoti yako na kalamu nyekundu, anzia stoo.